Uzi: Jakarta mpaka Flores kwa treni, basi na vivuko, mke na mume na mabegi mgongoni

#1 Mleta uzi

Wapendwa habari zenu. Mimi na mume wangu tumevuka Indonesia kutoka Jakarta mpaka mashariki ya kisiwa cha Flores bila kupanda ndege hata moja hapo katikati, ni treni, mabasi, vivuko na bodaboda, na nimeona niandike kwa kirefu maana nilipokuwa natafuta habari za njia hii kwa Kiswahili nilikuwa sipati kitu. Wengi wanaandika Bali tu, tena kusini ya Bali, bwawa la kuogelea na picha ya bembea wamemaliza nchi. Ile nchi ina visiwa zaidi ya 17,000 jamani!

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubali aanze kubisha: kama mko wawili na muda mnao, shikeni mstari mmoja kuelekea mashariki na mpite juu ya ardhi na maji. Ndege inawatoa eapoti inawashusha eapoti, kinachobadilika katikati hamkioni. Kwa kivuko mnaona lugha inabadilika, chakula kinabadilika, milio ya misikiti inageuka kuwa mahekalu, afu inarudi misikiti, afu yanakuja makanisa, na yote mnayapokea pamoja mkiwa mmekaa ubao mmoja.

Tuanze na Jakarta. Watu wanasema ipite haraka, foleni, joto, moshi. Foleni ipo kweli na joto lipo, ila msiipite. Nendeni msikiti wa Istiqlal uliofunguliwa 1978, unatazamana na kanisa kuu la Katoliki, aliyeuchora anaitwa Friedrich Silaban na alikuwa Mkristo, na siku hizi kuna njia ya chini ya ardhi inaunganisha nyumba zote mbili za ibada. Tuliingia kote kote, kama hujajistiri wanakupa joho. Jioni nendeni mji mkongwe, Kota Tua, kuna jengo la utawala la Waholanzi lilimalizika 1710, uwanja wa mbele unajaa familia na baiskeli za kukodi.

Dada zangu mnaosafiri na waume: treni za mjini Jakarta zina mabehewa ya wanawake tu, la kwanza na la mwisho. Saa za watu kutoka kazini nilikuwa napanda huko na mume wangu anapanda ya katikati. Kubalianeni stesheni ya kushuka KABLA ya kuachana, na mkubaliane mtakutana sehemu gani ya stesheni, maana simu ikiisha chaji kwenye ule umati mtatafutana mpaka usiku.

Treni za masafa zinaondokea stesheni mbili kubwa, Gambir na Pasar Senen. Za bei ya juu nyingi ziko Gambir, za ekonomi nyingi Pasar Senen, kwahiyo someni jina la stesheni kwenye tiketi, lisiwapite. Tiketi zinafunguliwa siku 45 kabla na inaandikwa namba ya pasipoti yako, mlangoni wanalinganisha jina. Mpaka Yogyakarta ni masaa saba manane kwa ekonomi, viti vingi vinatazamana, magoti yenu na ya mbele yanagusana, na huyo wa mbele lazima atawakaribisha chakula chake.

Yogyakarta ndo mji niliotaka kuhamia kabisa. Una sultani mpaka leo, Hamengkubuwono X, na yeye ndo gavana pia. Hekalu la Borobudur liko nje ya mji, la Wabuddha, karne ya 9, na sio kila mwenye tiketi anapanda juu, wanaruhusu idadi maalum kwa siku kwa makundi yenye mwongozaji na mnavalishwa kandambili maalum za kusuka ili mawe yasilike. Kateni tiketi ya kupanda mapema, ya chini peke yake haitoshi kwa safari yote iyo. Kila ukuta umechongwa hadithi na unazunguka ghorofa kwa ghorofa kwenda juu mpaka michoro inaisha, inabaki anga na yale mawe ya umbo la kengele. Mume wangu sio mtu wa maneno mengi lakini pale hakuongea kabisa. Hekalu la Prambanan, la Wahindu, mwende jioni, jua linapiga kwa nyuma.

Sehemu inayofuata naileta nikimaliza kupika.

#2 Mdau

Dada hongera sana, uzi mtamu. Swali: hizo gesti hawawasumbui na cheti cha ndoa? Mimi na mchumba wangu hatujafunga bado na nimesikia sheria yao imebadilika.

#3 Mleta uzi

Swali muhimu sana na msilichukulie poa. Bunge lao lilipitisha kanuni mpya ya jinai Desemba 2022, na imeanza kutumika Januari 2026. Ndani yake kukaa pamoja kama mke na mume bila ndoa ni kosa, ila kesi haifunguliwi mpaka alalamike mwenza wa ndoa, mzazi au mtoto wa mhusika. Kwahiyo mwenye gesti au jirani hawezi kuwashtaki kwa hilo. Ila sheria ni kitu kimoja na mwenye nyumba ni kitu kingine. Sehemu iliyoandikwa Syariah kwenye jina, yaani inafuata sheria za Kiislamu, Java na Lombok zipo nyingi, wanaweza kuwaomba cheti na wakiwakatalia ni haki yao, msibishane nao, nendeni nyingine. Kwa ambao hawajafunga ndoa ushauri wangu ni kupanga nyumba za wenyeji baada ya kuwauliza waziwazi kwa ujumbe kabla hamjafika. Sisi tulibeba picha ya cheti kwenye simu zote mbili.

Na kushikana mikono sawa, zaidi ya hapo mbele za watu hapana, popote pale nje ya fukwe za watalii.

#4 Mdau mwingine

Mimi napinga. Denpasar (Bali) mpaka Labuan Bajo (Flores) kwa ndege ni saa moja na kidogo tu. Wewe unapoteza siku nzima kwenye mabasi kisa nini? Mkichoka mnaanza kugombana na mwenzio safari inaharibika. Nauli nayo ukijumlisha basi, kivuko, chakula, kulala njiani, tofauti sio kubwa kihivyo.

#5 Mleta uzi

Ndugu hoja yako ya nauli naikubali, kwa kipande cha Bali kwenda Flores ukijumlisha yote na ukipata ndege ya bei nzuri mnakaribiana. Na mwenye wiki moja apande ndege, sitambishia. Kwenye kugombana ndo tunaachana njia. Watu wawili hawagombani kwa sababu ya basi, wanagombana kwa sababu wamelazimisha basi la usiku halafu asubuhi bila kula wanaanza kutafuta gesti kwenye jua. Kanuni yetu ilikuwa hii: baada ya usafiri wa usiku hakuna uamuzi wowote mpaka tuwe tumekula na tumelala, hata kama ni kulala kwenye gesti mbaya ya kwanza iliyo mbele ya stendi, kesho tutahama. Nyie mnaopanga safari iandikeni hiyo mahali.

Halafu hicho kipande unachokiruka kwa saa moja ndani yake kuna Lombok yote na Sumbawa yote. Sumbawa pale ndo ulipo mlima Tambora uliolipuka 1815, majivu yake yakatanda angani kiasi kwamba mwaka uliofuata Ulaya na Amerika Kaskazini walikosa majira ya joto na mazao yakaharibika. Kupita juu yake ukiwa umelala kwenye kiti cha ndege mimi naona ni hasara.

#6 Mleta uzi

Naendelea. Kutoka Yogyakarta kwenda mwisho wa Java kuna treni ya ekonomi inaitwa Sri Tanjung, inaondokea stesheni ya Lempuyangan asubuhi inawafikisha Ketapang usiku, karibu masaa 13, na nauli yake ina ruzuku ya serikali, ni chini ya rupia 100,000 kwa mtu. Dola moja ni zaidi ya rupia 16,000 kwahiyo pigeni hesabu wenyewe mshangae. Siku nzima ni mashamba ya mpunga, volkano kulia volkano kushoto, na wauzaji wa chai ndani ya behewa.

Msivuke siku iyo iyo. Laleni Banyuwangi, mji wa hapo, mpande volkano ya Ijen. Mnaamshwa usiku wa manane, mnapanda gizani, na kama gesi inaruhusu mnaona moto wa bluu, ni gesi ya salfa inawaka ikitoka kwenye nyufa. Kukikucha linaonekana ziwa la tindikali ndani ya shimo, rangi ya feruzi, halina hata unyasi kando yake. Kodini barakoa ya gesi, ile ya kitambaa haisaidii kitu. Lakini kilichonikaa moyoni ni wale wanaume wanaobeba salfa, makapu mawili na mti begani, kilo 70 na kupanda, kutoka chini ya shimo mpaka ukingoni, kwenye moshi ule ule unaotukohoza sisi tuliokwenda kupiga picha. Njia ni nyembamba, ukimuona anakuja simama upande wa ukuta mpishe, asisimame yeye na mzigo kukusubiri wewe. Na ukimpiga picha muombe kwanza na umpe chochote. Tuliona watu wanawamulika na taa usoni nikakasirika sana.

Bandari ya Ketapang iko hatua chache kutoka stesheni, vivuko vya kwenda Gilimanuk, Bali, vinakwenda usiku na mchana na ni kama saa moja hivi. Saa mnasogeza mbele lisaa limoja, Java na Bali hawako saa moja. Na ule mkondo una nguvu msiudharau, Julai 2025 kivuko kilizama hapo hapo usiku na watu wakafa. Mkipanda tu, kabla ya kutafuta kiti, tafuteni maboya yalipo. Kaeni juu, msikae ndani ya gari kule chini hata dereva akisema ni sawa.

Bali nitapita haraka kwa sababu imeandikwa sana. Wageni wanalipa ushuru wa rupia 150,000 kwa kila mtu, ulianza Februari 2024, unalipwa mtandaoni. Nendeni upande wa kaskazini, Munduk na milimani huko, baridi nzuri, maporomoko ya maji, wageni wachache. Hekaluni mnafunga kitenge kiunoni na mshipi, na kina dada mjue kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake haruhusiwi kuingia hekaluni, kibao kiko mlangoni, waheshimuni. Na mkipanga mwezi Machi angalieni Nyepi inaangukia lini, hiyo siku kisiwa kizima kinanyamaza, hakuna kutoka nje, hakuna taa, eapoti inafungwa masaa 24. Aliyejiandaa na chakula chumbani ataipenda sana, ambaye hana habari atadhani kuna vita.

Pikipiki: msikodi kama hamna leseni ya kimataifa yenye muhuri wa pikipiki. Bima zenu hazitalipa hata senti na hospitali za binafsi huko wanataka uhakika wa malipo.

#7 Mdau

Mpendwa, hela nani alikuwa anashika? Maana sisi tulisafiri hivyo hivyo mwenzangu kila kitu "ghali" nikawa naomba hela ya maji kama mtoto, sikufurahia kabisa.

#8 Mleta uzi

Pole sana, hilo limeharibia wengi na halisemwi. Sisi tulifanya hivi: kila kisiwa kina kiongozi wake. Java alikuwa yeye, Bali mimi, Lombok yeye, Sumbawa mimi, Flores tukagawana kwa miji. Kiongozi anashika hela ya matumizi, anachagua gesti, anauliza njia, na neno lake ndo la mwisho mpaka tupande kivuko kinachofuata. Asiye kiongozi kazi yake ni mizigo na chakula, na haruhusiwi kusema "ningejua". Kila mmoja ana hela yake ndogo ya mfukoni haiulizwi imeenda wapi. Yaani ilinifanya nimuone mume wangu upya, mtu wa hesabu kali nyumbani lakini Lombok akiwa kiongozi alikodi nyumba yenye kibaraza kinachotazama mlima Rinjani bila kuniambia, akaniambia tu njoo uone.

Na siku mojamoja tulikuwa tunaachana makusudi. Asubuhi kila mtu njia yake, tunakutana jioni mezani. Mkiwa pamoja kila dakika mnamaliza cha kusimuliana, mkiachana siku moja mnarudi na habari mbili tofauti za mji mmoja.

Upande wa hela zenyewe: kadi mbili za benki tofauti kwenye mabegi mawili tofauti. Mashine za kutolea zinatoa noti za 50,000 au za 100,000, kwahiyo kila mkipita duka kubwa vunjeni, maana mama wa warung, kimgahawa cha mtaani, anayeuza wali kwa 20,000 au 30,000 hana chenji ya laki asubuhi. Mashine nyingi zinatoa hela kwanza kadi baadaye, ukishachukua noti simama, subiri kadi. Na tulipofika stendi moja kijana alitutajia nauli mara mbili ya kawaida, dawa ni kuuliza gesti mnayotoka kabla hamjaondoka, mwenye nyumba atawaambia bei ya kweli na mkiitaja kwa upole biashara inaisha.

#9 Mleta uzi

Haya, mashariki sasa, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Padangbai, Bali, kuna kivuko cha kawaida kwenda Lembar, Lombok, masaa manne matano. Kuna boti za kasi pia kwenda visiwa vya Gili, hizo zinarukaruka kwenye mawimbi kama una mgongo mbovu achana nazo. Kivuko cha polepole kinapita juu ya mlango bahari wenye kina kirefu, na Alfred Russel Wallace, mtafiti wa viumbe Mwingereza, alipovuka hapo 1856 aliona ndege wa Lombok sio wale wa Bali, upande mmoja wanyama wa Asia, upande wa pili wanaanza kufanana na wa Australia. Bahari ilipopungua zama za barafu Bali iliungana na Java, Lombok haikuungana nayo, ndo sababu. Kama 35 kilomita tu za maji! Tulikuwa tunaiambizana hiyo habari kwenye sitaha huku tunakula wali uliofungwa kwenye karatasi.

Lombok ni ya Wasasak, Waislamu, misikiti kila kona. Nje ya ufukwe vaeni vya kufunika mabega na magoti, utaona jinsi wamama wanavyokukaribisha tofauti. Agosti 2018 tetemeko kubwa liliua watu zaidi ya 500 kaskazini mwa kisiwa, mtu wa makamo yeyote ukikaa naye vizuri atakuonyesha nyumba yake ilianguka upande gani. Rinjani una mita 3,726, kwa kawaida wanaufunga Januari mpaka Machi kwa mvua. Sisi hatukupanda, tulikaa Tetebatu chini yake kwenye mpunga na ikatutosha. Visiwa vya Gili havina magari wala pikipiki, ni baiskeli na mikokoteni ya farasi. Gili Air ni tulivu, Trawangan ni muziki mpaka alfajiri, chagueni kwa umri wa roho zenu.

Sumbawa ndo mtihani. Kayangan mpaka Poto Tano kivuko cha saa moja na nusu mpaka mbili, afu basi la usiku kukata kisiwa mpaka mji wa Bima, afu gari lingine mpaka Sape. Basini watu wanavuta sigara na karaoke inapigwa mpaka saa nane usiku, bebeni nguo ya kufunika pua na vya kuziba masikio. Ila ni hapo ambapo mama mmoja nisiyejua hata jina lake alinilaza kichwa begani kwake bila kuniuliza, na basi liliposimama kwa chakula akamfuata mume wangu akamkabidhi sahani yangu. Hakuna lugha tuliyoongea zaidi ya kutabasamu.

Sape kwenda Labuan Bajo ni masaa sita mpaka manane, na hapo bahari ina maamuzi yake. Januari na Februari mawimbi yakiwa makubwa bandari inasimamisha vivuko, mnaweza kukaa Sape siku kadhaa, na Sape hakuna cha kufanya. Msibane ratiba hapo. Ukisikia wamesimamisha shukuru, usitafute boti ya mtu binafsi.

Hifadhi ya Komodo: ilianzishwa 1980, urithi wa dunia tangu 1991. Yule mjusi mkubwa wa Komodo anafika mita tatu, na ana tezi za sumu kwenye taya la chini. Mnatembea na askari wa hifadhi mwenye fimbo yenye panda, hamtoki kwenye mstari, na mwanamke aliye kwenye siku zake amwambie askari kabla, wanakuweka karibu yao, hakuna aibu hapo maana mnyama ananusa damu kutoka mbali sana. Nilimuona mmoja amelala chini ya jiko la wahudumu, nikadhani gogo, mpaka ulimi ulipotoka.

Boti za kulala baharini ziko za kila bei. Angalieni redio ya mawasiliano, maboya kwa idadi ya watu, na mlango wa pili kwenye vyumba vya chini. Kama nahodha hataki mkague, shukeni.

Baada ya hapo Flores yenyewe, na wengi wanarudi na ndege bila kuiona. Barabara ni kona tupu, mlima juu mlima chini, masaa mawili mpaka matano kati ya mji na mji: Ruteng, Bajawa, Ende, Moni, Maumere. Wengi ni Wakatoliki, Jumapili barabarani ni nguo safi na nyimbo. Ruteng kuna baridi mpaka sweta, na karibu yake kuna pango la Liang Bua ambapo mwaka 2003 walichimbua mifupa ya binadamu wa kale mfupi kama mita moja tu, ndo Homo floresiensis. Karibu na hapo pia kuna mashamba ya mpunga yaliyogawanywa kwa umbo la utando wa buibui, kila familia na kipande chake kinachoanzia katikati.

Kijiji cha Wae Rebo mnapanda kwa miguu masaa mawili matatu msituni, mnakuta nyumba saba za mviringo zilizochongoka kwenda juu, mnapokelewa na mzee kwa dua kwanza, kabla ya hapo hamruhusiwi kupiga picha. Mnalala wote sakafuni kwa duara, wageni wa mataifa yote, moto unawaka. Ende kuna nyumba aliyokaa Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Indonesia, alipofukuziwa huko na Waholanzi, 1934 mpaka 1938. Na Moni mnaamka alfajiri mnapanda Kelimutu, maziwa matatu juu ya mlima mmoja na kila moja rangi yake, na rangi zinabadilika kwa madini na gesi zinazotoka chini. Watu wa kabila la Lio, wenyeji wa hapo, wanaamini roho za marehemu zinakwenda humo, wazee ziwa lao, vijana lao, waliotenda mabaya lao. Siku yetu moja lilikuwa jeusi kabisa na lingine feruzi. Mume wangu alimpoteza baba yake mwaka huo. Alikaa kule kwenye jiwe akitazama ziwa la wazee muda mrefu sana, mimi nikakaa pembeni yake tu, na hiyo ndo sehemu ya safari nzima ambayo sitaki mtu aniambie ingewezekana kwa ndege.

#10 Mdau aliyefika

Umeeleza vizuri dada. Naongezea: epukeni wiki ya Idi ya Ramadhani. Nchi nzima inarudi vijijini, treni zinajaa dakika tiketi zikifunguliwa, vivuko foleni ya magari kilomita na kilomita. Na mwezi wenyewe wa Ramadhani Lombok na Sumbawa mchana sehemu nyingi za kula zimefungwa, ila jioni chakula ni sherehe.

#11 Mleta uzi

Kweli kabisa, asante. Miezi mizuri ni Mei mpaka Septemba, kiangazi.

Naongeza na habari za afya. Malaria: Java na Bali sio shida kubwa, ila Sumbawa na Flores ipo, ongeeni na daktari kabla. Dengi iko kila mahali na mbu wake anang'ata mchana. Kichaa cha mbwa kipo Bali na Flores, mbwa akiwang'ata hata kidogo osheni na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na muende hospitali siku iyo iyo, msisubiri. Na pombe ya kienyeji iitwayo arak msiinywe kama hamjui imetoka wapi, 2009 watu wengi walikufa Bali na Lombok kwa methanoli iliyochanganywa humo.

Volkano nazo fuatilieni. Novemba 2024 Lewotobi Laki-laki, mashariki ya Flores, ulilipuka ukaua watu na ndege za Bali zikasimama kwa ajili ya majivu.

#12 Mdau

Sisi tunazo wiki mbili tu na mke wangu ni mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Tuanzie wapi? Na viza je?

#13 Mleta uzi

Ndugu, wiki mbili msijaribu mstari wote, mtakuwa mnaona madirisha tu. Fanyeni moja kati ya mbili. Ama Yogyakarta, treni ya Sri Tanjung, Ijen, kivuko, kaskazini ya Bali, mmalizie hapo. Ama mshukie Labuan Bajo kwa ndege mkate Flores mpaka Maumere taratibu. Kwa kuwa ni mara yake ya kwanza ningewapa ya kwanza, treni ni rahisi, mji unatembeleka kwa miguu na watu wake wapole. Na huyo mke wako mpe uongozi wa mji wa kwanza, usimpe wa mwisho. Akishauliza njia mwenyewe siku ya kwanza na akafika, hofu inaisha, safari inakuwa yake pia.

Viza ya kupewa ukifika ni rupia 500,000, siku 30, inaongezwa mara moja siku 30 nyingine, ila angalia kwanza tovuti ya uhamiaji wao kama pasipoti yenu iko kwenye orodha, na iwe imebakiza angalau miezi sita.

Mnaotaka kuendelea baada ya Maumere, kuna meli kubwa za abiria za serikali, Pelni, zinavuka kwenda Makassar, kitanda kwenye ukumbi wa pamoja na chakula kimo kwenye nauli. Ratiba inabadilika kila mwezi, iangalieni kwenye ofisi yao pale mjini na msikate tiketi ya kitu kingine chochote mpaka muwe na ya meli mkononi.